Madoa ya Bi Enid

Jumatatu, 1 Juni 2015. Lidcombe.

Watu wengi wakipewa nguo waikague, huanza na upande wa nje. Hilo ndilo kosa. Kwa miaka ishirini na sita nilisahihisha kazi za mtihani wa ushonaji, magunia kwa magunia ya sketi na aproni za wasichana wa shule, na kila nguo niliigeuza ndani nje kabla ya kuitazama. Nje ni pale mtu anapokuonyesha anachotaka ukione. Ndani ndipo alipokuwa na haraka, alipochoka, alipomwomba dada yake amsaidie.

Naandika kwa sababu nimenunuliwa daftari. Kendi, mke wa mwanangu Omollo, alinikuta dirishani nikihesabu treni. Lidcombe ni njia panda ya reli, treni haziishi. Akasema, "Mama, hii miezi mitatu utaimaliza na treni?" Nitarudi nyumbani Siaya mwanzoni mwa Septemba. Huku kusini mwa dunia Juni ni mwezi wa baridi, na mti wa jirani umebaki vijiti.

Kendi ni muuguzi katika nyumba ya wazee, dakika kumi kwa miguu kutoka hapa. Anasema yupo bibi wa miaka tisini na mmoja aliyekuwa akibuni mavazi ya filamu za zamani. Amewafukuza wageni wote wanaojitolea kumtembelea, mmoja wao kwa sababu ya vifungo vyake. "Wewe hatakuweza," Kendi alisema. Sijui kama ilikuwa sifa.

Jumatano, 3 Juni.

Jina lake ni Enid Tarrant. Alitaka nimwite Enid, basi. Nikamweleza kwamba kwetu mtu wa umri wake haitwi jina tupu. Tumepatana juu ya "Bi Enid". Tunazungumza Kiingereza, lakini humu ninamwandika kwa Kiswahili, maana katika Kiswahili hanitishi sana.

Hakunisalimu. Alinyosha mkono, akashika upindo wa koti langu la sufu, akaupindua kuangalia ndani.

"Nani alikushonea?"

"Nilishona mwenyewe."

"Mshono wa mwalimu. Hakuna kosa hata moja."

"Asante."

"Sikukusifu."

Nilicheka kabla sijajizuia. Akasema naweza kuketi, ila si kwenye kiti chenye mto.

Aline, mhudumu wa zamu ya asubuhi, msichana wa Butembo mwenye mikono isiyotulia, alinisindikiza mlangoni. "Mama Zilpah, umeshinda. Ule wa juzi alimaliza dakika mbili tu, akatoka analia."

Jumamosi, 6 Juni.

Mvua. Treni hamsini na moja kabla ya chakula cha mchana.

Jumanne, 9 Juni.

Leo alizungumza, nami nilinyamaza, kazi ambayo kwa mwalimu si rahisi.

Alizaliwa Rooty Hill, wakati huko kulikuwa na mashamba ya matunda na mabanda ya kuku. Mama yake alifua nguo za watu. Kazi ya Enid, akiwa na miaka saba, ilikuwa kutenganisha nguo safi ili kila moja irudi kwa mwenyewe, na hazikuwa na majina. Basi alizijua kwa kuchakaa kwake. Shati la mchinjaji liliisha kwenye mkono wa kulia. Suruali ya mwashi iliisha magotini. "Na ya mzee wa kanisa," akasema, "ilikuwa mpya magotini mwaka mzima."

Alipofika miaka kumi na mitano aliingia karakana ya mavazi ya jumba moja la maigizo mjini, kazi yake ikiwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Baadaye akahamia studio ya filamu. Mkuu wa karakana hapo alikuwa Bwana Cyril Hathern, mtu wa tai nzuri, aliyejua kuchora na kula chakula cha mchana na wakubwa. Filamu kumi na moja zimeandikwa kwamba mavazi ni ya Cyril Hathern. Lazima nieleze hapa kwamba siku hizo ndivyo ilivyokuwa. Mkuu wa karakana alitia sahihi juu ya kila kilichotoka karakanani, kama vile mwalimu mkuu anavyosifiwa kwa matokeo ya darasa asilolifundisha.

Nilimuuliza kama alikuwa na uchungu.

"Nilikuwa na kazi, Mwalimu. Uchungu ni kazi ya pili."

Alhamisi, 11 Juni.

Amenifukuza mapema kwa sababu nilimsifia mwigizaji fulani. "Yule? Alikuwa na mabega kama hanga." Kesho nirudi.

Jumanne, 16 Juni.

Sasa najua kwa nini hana raha. Juu ya kabati lake kuna sanduku la karatasi ngumu, na ndani yake gauni. Ni gauni la mjane katika filamu ya mwaka 1956, mwanamke anayebaki peke yake na kisima chake mbali sana bara, mvua ikigoma. Studio ilipofungwa na vitu kutupwa, Bi Enid alilichukua ndani ya mfuko wa viazi.

Jumba moja la makumbusho litafungua maonyesho ya mavazi ya filamu tarehe 29 Agosti, na linalitaka. Wamemtumia rasimu ya kadi itakayokaa chini ya gauni. Inasema: Mbunifu, Cyril Hathern.

"Filamu nyingine kumi achukue," akasema. "Hili ni langu. Yeye alichora gauni zuri la buluu lenye kola iliyotiwa wanga, kama la mke wa meneja wa benki. Mimi nilimtengeneza yule mwanamke."

Mhifadhi wa makumbusho, Helen Doukas, atakuja tarehe 2 Julai kulikagua na kumsikiliza. Kadi zinakwenda kwa mchapishaji tarehe 31 Julai. Bi Enid hajaolewa wala hana mtoto. Jina lake mwenyewe kwenye kadi hiyo ndilo analolitaka duniani, na hataki lingine. Aliniambia hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Jumatatu, 22 Juni.

Baridi. Kendi amenipa soksi za Omollo.

Bi Enid alinieleza habari za Villawood. Leo watu wa huku wakitaja Villawood hushusha sauti, kwa sababu ndipo wanapozuiliwa watu wasio na vibali, na Aline ana binamu aliyekaa humo miezi tisa. Lakini baada ya vita kuu ya pili ilikuwa hosteli ya wahamiaji kutoka Ulaya, mabanda ya bati. Bi Enid alikuwa akienda Jumamosi na makoti mapya aliyoshona, anayabadilisha kwa makoti yao makuukuu. Wahamiaji walidhani ana kichaa cha upole. Yeye alikuwa anataka kujifunza. Kuchakaa hakuwezi kubuniwa, alisema, lazima kwanza ukusome.

Huko alikutana na mwanamke wa Latvia aliyechota maji kwa ndoo kila asubuhi. Hakuwahi kujua jina lake, maana hawakuwa na lugha moja. Lakini alimtazama Jumamosi kumi na mbili. "Yule ndiye mjane," akasema. "Mwigizaji alimvaa tu."

Aline alikuwa akitandika kitanda. Nilimwona amesimama na mto mkononi, anasikiliza.

Ijumaa, 26 Juni.

Upindo wa gauni umefumuka kwa nyuma, karibu na mshono wa ubavu. Ameniomba niuchukue nyumbani niurekebishe kabla Helen hajaja. "Upindo tu, Mwalimu. Usiguse kingine." Sijawahi kubeba kitu kwa uangalifu hivi tangu nibebe Omollo kutoka hospitali.

Jumatano, 1 Julai.

Upindo umekwisha. Nimefanya mishono midogo kufuata ya zamani, na ilinichosha, kwa sababu ya zamani imelala upande usio wa kawaida.

Kisha nililitundika mlangoni nikalitazama. Mama yangu! Matope kwenye pindo. Weusi wa mafuta nyongani kushoto. Alama za kahawia kifuani, nta ya mshumaa kwenye mkono. Uchafu wa miaka hamsini na tisa ndani ya sanduku. Kesho mgeni wa heshima anakuja, na mzee wa miaka tisini na mmoja atoe nguo yake mbele ya watu ikiwa hivyo? Kwetu ukimrudishia mtu nguo uliyoirekebisha bila kuifua, umemtukana. Kufua si kugusa nguo. Kufua ni kuagana nayo vizuri.

Maji ya vuguvugu, sabuni ya vipande, mkono mwepesi. Doa la nyongani lilikuwa sugu, nikalitia limau. Nta niliitoa kwa pasi na karatasi. Mgongoni, chini ya bega la kushoto, kitambaa kimechakaa hadi mwanga unapita. Nilitaka kupaziba kwa uzi, lakini sikupata rangi yake. Nililianika chumbani karibu na hita, nikapiga pasi na wanga kidogo kwenye kola.

Kendi alirudi kutoka kazini akasimama mlangoni. "Mama, hiyo ni ile ile? Aki imetakata kama ya dukani."

Nalala nikiwa na furaha. Naandika sentensi hiyo ili niikumbuke.

Alhamisi, 2 Julai.

Nitaandika kwa utaratibu.

Helen Doukas ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye glavu nyeupe za pamba. Alitandaza karatasi laini juu ya kitanda. Nilitoa gauni kwenye mfuko, kwenye hanga, likinukia sabuni, nikalilaza pale kama mtu anayeleta keki.

Bi Enid aliweka kiganja chake juu ya kitambaa, hapo nyongani, akakipitisha taratibu hadi kwenye pindo.

"Umefanya nini?"

"Nimelifua."

Aliondoa mkono.

Helen ndiye aliyenieleza, na alinieleza bila kunidharau, jambo lililoniumiza zaidi. Katika kazi ya mavazi ya filamu, nguo ikishashonwa inakuwa nusu tu. Nusu ya pili ni kuizeesha. Mtu anakaa na msasa, chai kali, nta, mafuta na udongo, wiki mbili wakati mwingine, anaiweka nguo miaka ambayo haikuishi. Madoa yale hayakutoka sandukuni. Yalitengenezwa moja moja. Studio imeacha mchoro wa Hathern wenye sahihi yake, gauni safi la buluu. Tofauti kati ya mchoro ule na gauni lililoonekana kwenye filamu ilikuwa ni yale madoa, na Helen alikuja leo ili aoneshwe doa moja baada ya jingine na mtu aliyelifikiria.

"Na sasa?" nikauliza.

Alitazama kitandani. "Sasa linafanana kabisa na mchoro wake."

Yaani nimemfulia Hathern. Kwa sabuni, kwa limau, kwa pasi, nimetoa kila kitu alichoweka Enid Tarrant nikaacha kila kitu kilichokuwa cha bwana yule. Nilisema samahani. Nilisema nilidhani ni uchafu.

"Ulikuwa uchafu," alisema Bi Enid. "Ulikuwa uchafu wangu."

Kisha akageuka ukutani. "Nenda nyumbani, Mwalimu."

Jumamosi, 4 Julai.

Mvua.

Jumapili, 5 Julai.

Kanisani mhubiri alichagua somo la mavazi yaliyofuliwa yakawa meupe. Nilitoka kabla ya sadaka.

Jumanne, 7 Julai.

Mvua. Nilikwenda hadi mlango wa mbele wa nyumba ya wazee. Aline alitoka na mwavuli.

"Mama, iko na kasirani bado. Hataki mutu."

"Anakula?"

"Anakula kidogo. Naye ameuliza kama wewe unakula." Akafikiri. "Lakini ameuliza na kasirani."

Ijumaa, 10 Julai.

Usiku wote nimewaza ile mishono ya upindo iliyolala upande usio wa kawaida, na asubuhi nimeelewa. Anayeshona kwa mkono wa kulia huenda upande mmoja, na anayeshona kwa kushoto huenda upande wa pili, kwa hiyo mishono yake huinama kinyume. Niliwahi kuwakamata wasichana watatu kwa mwandiko huo wa sindano, waliposhonewa na mama zao. Na Bi Enid hushika kikombe kwa kushoto.

Nilimpigia simu Helen kama mtu aliyegundua dawa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba hakuna anayekataa kuwa Bi Enid alilishona. Orodha ya mishahara ya studio inamtaja, mshonaji, miaka kumi na minne. Kushona si kubuni.

Miaka thelathini na nne nimefundisha wasichana kwamba ukijua ndani ya nguo umejua yote. Na madoa yalikuwa nje.

Jumanne, 14 Julai.

Aline alinishika mkono akaniingiza. Mimi nina miaka sabini na mmoja na niliingia kama mtoto aliyevunja chungu.

"Umekuja kufua mapazia?" Bi Enid aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kuomba radhi tena."

"Uliomba vizuri mara ya kwanza. Usirudie, utaiharibu. Kaa."

Nikaelekea kwenye kiti cha kawaida. "Si hicho," akasema. "Cha mto." Nikakaa kwenye mto.

Aline alikuwa akipanga dawa. Kwa Kiingereza chake cha haraka, kisha kwangu kwa Kiswahili, alisema, "Mimi naona hivi. Ile robe, nani aliichafua mara ya kwanza? Si ni yeye? Basi aichafue tena. Mwenye kujua njia haogopi kurudi."

Bi Enid alinyanyua mikono yake ili tuione. Inatetemeka kama majani.

"Mikono ipo," nikasema, nikinyosha yangu. "Hii ina deni."

Jioni nilimpigia Helen, naye alikubali, lakini kwa masharti, na masharti yake ni ya haki. Gauni la asili lisiguswe tena na mtu yeyote. Nishone nakala. Bi Enid aelekeze uzeeshaji mbele ya Helen mwenyewe, bila kutazama picha yoyote. Upande wa mbele wa gauni kila mtu aliyeona filamu anaweza kuukumbuka, alisema, lakini amepata kwenye mafaili ya studio picha moja ya mgongo, iliyopigwa kwa kumbukumbu za kazi, ambayo haijawahi kuchapishwa. Kamera ya filamu haikuwahi kumwonyesha mjane mgongo. Picha hiyo ataileta ndani ya bahasha iliyofungwa, ilinganishwe na kazi yetu mwishoni. Siku ni tarehe 28.

Jumatatu, 20 Julai.

Nashona. Pamba ya buluu, mita nne, kutoka duka la Wavietnamu. Cherehani ya Kendi inapiga kelele kama kuku. Helen aliniletea vipimo alivyochukua mwenyewe kwenye gauni. Mkono wa kushoto umezidi wa kulia kwa upana wa kidole. Nikaona ni kosa la kukata, nikausawazisha, kisha nikamwambia Bi Enid kwa fahari.

Alifumba macho. "Mwalimu. Umewahi kusahihisha kitu kilichokuwa sawa?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Basi usizoee. Urudishe upana wake."

Nimefumua.

Ijumaa, 24 Julai.

Kikohozi chake kimeanza. Nakala imekamilika. Ni nzuri, na hilo linanisumbua.

Jumanne, 28 Julai.

Tulikuwa wanne: Bi Enid kitini na blanketi, Helen na daftari na bahasha juu ya magoti, Aline aliyebadilishana zamu ili awepo, na mimi. Mezani kulikuwa na msasa wa aina mbili, birika la chai nyeusi, mshumaa, mafuta ya kupikia, na bakuli la udongo ambao Aline aliuchimba chini ya mawaridi ya nyumba ya wazee, asubuhi mapema, kabla meneja hajafika.

"Anza na pindo," Bi Enid akasema. "Udongo mkavu kwanza. Mvua haijanyesha miaka miwili, asiwe na tope mbichi."

Niliokota udongo. Mbele yangu gauni jipya, mshono wangu mwenyewe, lililopigwa pasi. Mkono ulikataa. Nasema kweli, ulikataa, kama punda mlangoni.

"Mwalimu amekwama," alisema Bi Enid.

"Mama, fumba macho," alisema Aline.

Nikafumba, nikapaka. Baada ya hapo ilikuwa rahisi, na baadaye, naungama, ilikuwa tamu.

Alielekeza kwa saa moja na nusu, akipumzika kukohoa. Nyongani kushoto, mafuta na weusi, kwa sababu yule mwanamke wa Latvia alibeba ndoo upande wa kushoto, bega la kulia lilikuwa na jeraha la zamani. Ndiyo maana mkono wa kushoto umekatwa mpana, kusudi uinuke bila kuvuta ubavu. Hathern aliuliza kwa nini mikono haifanani, naye akamwambia kitambaa kimenywea. Helen aliandika hilo na kulipigia mstari.

Chai kifuani, mahali anapofutia mikono. Hapo nilipaka chini, usawa wa kiuno, anapofutia mikono mtu yeyote.

"Juu zaidi," akasema.

"Mtu hufuta kiunoni."

"Mwenye aproni hufuta kiunoni. Huyu aproni yake ameifanya chujio la maji ya kisima. Anajifuta hapa." Akajigusa chini kidogo ya kola. Aline alisema taratibu, kwa Kiswahili, si kwa mtu yeyote, "Mama yangu pia. Kambini. Ni pale pale."

Kisha Bi Enid akasema, "Geuza."

Niligeuza gauni. Helen aliacha kuandika.

"Mgongoni hakuna uchafu," alisema Bi Enid. "Mgongo hausemi uongo, haujui kama unatazamwa. Chukua msasa laini. Chini ya bega la kushoto, pana kama kiganja. Paraza mpaka uone mwanga."

"Kwa nini hapo?" Helen akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kila jioni alisimama mlangoni mwa banda akaegemea mwimo, akitazama barabara. Alikuwa anasubiri mtu. Jumamosi kumi na mbili nilimkuta anaegemea mahali pale pale. Nikamwambia Hathern mjane naye lazima awe ameegemea. Akasema hakuna atakayeuona mgongo. Nikasema yeye mwenyewe mjane atauona."

Nilishika msasa nikasita. Nilikumbuka. Nilisema kwa sauti, na wote wakanitazama, "Mahali hapo nilipaona. Siku ya kufua. Mwanga ulikuwa unapita. Nilitaka kupaziba kwa uzi, nikakosa rangi."

Helen alivaa glavu zake, akafungua sanduku, akaligeuza gauni la asili, akalinyanyua mbele ya dirisha. Chini ya bega la kushoto, pana kama kiganja, dirisha lilionekana. Sabuni hutoa uchafu. Haiwezi kurudisha kitambaa kilichokwisha.

Ndipo akafungua bahasha. Hakutuambia picha inaonyesha nini. Alimpelekea Bi Enid kwanza, kama inavyostahili. Mwigizaji amesimama ametupa kisogo, na chini ya bega la kushoto kuna weupe kama wa sarafu iliyosuguliwa.

"Mabega kama hanga," alisema Bi Enid, akairudisha.

Ijumaa, 31 Julai.

Siku ya mchapishaji. Helen hajapiga simu. Treni mia moja na nne.

Jumatatu, 3 Agosti.

Helen amepiga simu. Wakubwa wake wameridhika: mkono uliokatwa mpana, mahali pa ndoo, mgongo. Kadi iliandikwa upya Ijumaa ile ile. Hakunisomea maneno yake. Alicheka kidogo, akasema nisubiri.

Jumatano, 12 Agosti.

Kikohozi. Daktari. Bi Enid ameniomba nimsomee gazeti, kisha akalaumu herufi zake.

Alhamisi, 20 Agosti.

Mti wa jirani umetoa vichipukizi. Kendi anasema mapafu ya Bi Enid hayatamruhusu kwenda mjini. "Mama, usimwambie mapema." Lakini alikuwa anajua tayari. "Nenda wewe na Aline," aliniambia. "Na mtazame kola. Kama wamekifunga kifungo cha juu, mkifungue. Mjane hana wa kumfungia."

Jumamosi, 29 Agosti.

Tulikwenda kwa treni, Aline amevaa kitenge chake kizuri, mimi koti langu lisilo na kosa. Watu wengi, glasi nyingi. Magauni yapo katikati ya chumba, mawili pamoja: la asili limegeuzwa mgongo, taa ndogo ikipita chini ya bega, na mbele yake nakala yangu, chafu kuliko kitu chochote nilichowahi kushona, imetazama watu. Kifungo cha juu kilikuwa wazi.

Nimenakili kadi neno kwa neno, na hapa naitafsiri:

Gauni la mjane, 1956. Mbunifu: Enid Tarrant. Uzeeshaji: Enid Tarrant. Gauni la asili lilifuliwa mwaka 2015 na Zilpah Achola, mwalimu wa ushonaji. Nakala imeshonwa na Zilpah Achola na kuzeeshwa chini ya maelekezo ya mbunifu. Udongo: Aline.

Aline aliisoma mara mbili. "Mama, wameniandika udongo."

"Mimi wameniandika kosa."

Tulicheka mpaka mlinzi akatusogelea.

Jumapili, 30 Agosti.

Nilimsomea kadi kitandani. Alinirudisha kwenye mstari wa kwanza mara tatu. Kisha akauliza kama kifungo kilikuwa wazi. Nikasema ndiyo.

"Na wewe," akasema, "umeingia jumba la makumbusho kwa kufua."

"Nitakuwa wa kwanza Siaya."

Alinyosha mkono wa kushoto, akashika upindo wa koti langu, akaushikilia. Hakuupindua. Alilala hivyo, nami sikusogea hadi Aline alipokuja na chakula cha jioni.

Jumatano, 2 Septemba.

Mizigo imefungwa. Kesho naondoka. Asubuhi nilimuaga, naye alisema, "Mwalimu, usiniandikie barua ndefu." Nitaandika ndefu.

Nilipokuwa nikikunja nguo nilipata gauni nililoolewa nalo mwaka 1967, ambalo Kendi aliomba nililete alione. Nililigeuza ndani nje, kama kawaida. Mishono imara, upindo wa mkono, mahali pamoja fundi alikosea akafumua akashona upya. Nikatafuta jina lake kichwani. Alikaa nyuma ya soko, alikuwa na mguu mmoja mfupi, alinipunguzia kiuno mara mbili bila kunicheka. Jina halikuja. Nimekaa na gauni magotini tangu saa nne, na halijaja. Nikifika nyumbani nitaliuliza kwa waliobaki.

Wewe utakayesoma daftari hili, leo hii toa nguo moja iliyoshonwa kwa mkono wa mtu unayemjua, andika jina lake kwenye karatasi, na uitie mfukoni mwa nguo hiyo.